Je, wajua kwa nini fidla hulia kama mtu?

Shangazi yangu alianza kufuta machozi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tulikuwa harusini Magomeni, saa nne za usiku, wapigaji wamebanana kwenye jukwaa dogo la mbao, na kijana mmoja wa fidla alikuwa akipiga peke yake ule utangulizi ambao watu wa taarabu huuita taksimu. Hapana maneno, hapana ngoma, ni fidla tu. Nikamwinamia: "Shangazi, vipi?" Akasema, "Hamna kitu, mwanangu. Hiyo fidla ina mtu ndani."

Kiswahili kililiona jambo hili zamani. Kengele inalia, simu inalia, zumari inalia, mtoto analia: kitenzi ni kimoja. Ila katika ala zote zinazolia, fidla ndiyo inayowafanya watu wageuke kana kwamba wameitwa. Kwa nini iwe hiyo? Na inakuwaje ala iliyozaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 16 iweze kulia Kimisri, Kihindi, Kiairishi na hata Kigogo bila kubadilishwa kipande chochote?

Wiki iliyofuata nilimfuata kijana yule mazoezini kwake, chumba kimoja uani huko Ilala, kwa sababu usiku ule wa harusi alifanya jambo lililonikaa kichwani. Ndani ya taksimu moja alianzia Misri, akapita India ya Kusini, akatokea Dodoma, na hakuna aliyeshtuka njiani. Nilitaka kuviona vidole vyake kwa karibu.

"Dada, tazama hapa kwanza," alisema, akanionyesha shingo ya fidla. Ni ubao mweusi, laini, mtupu. Shingo ya gitaa ina vile vichuma vinavyoikatiza, na kila kichuma ni uamuzi uliokwisha kufanywa na fundi kiwandani: sauti hii itakaa hapa, inayofuata itakaa pale, hakuna cha katikati. Kinanda ndivyo kilivyo pia. Toka do ya chini hadi do ya juu kuna hatua 12, basi. Fidla haina alama yoyote. Kidole kikitua popote, hapo ndipo penye sauti, na mpigaji mwenyewe ndiye anayejua amekosea au amepatia.

Kwa anayejifunza hayo ni mateso, tena ya miaka. Kwa muziki wa pwani ni neema. Nyimbo za Kiarabu hujengwa juu ya maqam, yaani njia za sauti, na njia nyingi kati ya hizo zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Chukua bayati, ambayo mpenzi wa taarabu huitambua hata kama hajui jina lake. Ikianzia kwenye re, hatua yake ya pili haiwi mi kamili wala haiwi mi iliyoshushwa nusu. Inakaa katikati. Kwenye uzi wa re wa fidla, mahali pa mi na mahali pa mi iliyoshushwa hupishana kwa chini ya sentimita 2. Hiyo sauti ya bayati iko kati yao, yapata milimita 9 kutoka kila upande, pungufu ya upana wa ncha ya kidole cha shahada. Kijana aliniwekea kidole pale, akavuta upinde, nami nikaisikia harusi ya Magomeni yote. Akakisogeza mbele kidogo mno, hata sikuona kidole kikienda, na harusi ikatoweka. Ikawa somo la kwaya.

Mwaka 1932 wataalamu wa muziki kutoka nchi za Kiarabu na Ulaya walikutana Cairo, na mojawapo ya mabishano yao lilikuwa hilihili: je, piano ina nafasi katika muziki wa Kiarabu, ilhali haina hizo sauti za katikati? Kuhusu fidla hapakuwa na ubishi wa namna hiyo. Ilishapokewa, na Wamisri wameizoea hata wakaifungia nyuzi zao kivyao: Wazungu hufunga so, re, la, mi, wao mara nyingi hufunga so, re, so, re. Muziki wa Misri ndio uliovuka bahari kuja kwetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda huko kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ikaundwa Unguja mwaka 1905. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla ilikuwa miongoni mwa ala zilizomsindikiza. Hapa Dar es Salaam, Egyptian Musical Club na Al-Watan zikalea wapigaji wao, na jina la hiyo klabu ya kwanza linatosha kukwambia masikio ya mji yalikuwa yameelekea wapi. Kwa hiyo shangazi yangu, mzaliwa wa Kariakoo, hakusikia kitu kigeni usiku ule.

Lakini vidole ni nusu tu ya habari. Kilio chenyewe kiko kwenye upinde.

Kijana alichukua kipande cha rozini, ule utomvu wa msonobari uliogandishwa ukawa kama jiwe la kahawia, akakisugua kwenye singa za upinde. Singa hizo ni za mkia wa farasi. Vumbi jeupe likadondokea ubavuni mwa fidla. Bila rozini upinde unateleza kimya. Nilijaribu upinde wake wa akiba, mpya, usiopakwa, na haukutoa sauti ya maana. Rozini huzifanya singa zing'ang'anie. Upinde unapopita, singa huukamata uzi na kuuvuta pembeni, uzi unavutika mpaka unashindwa, unachomoka, unarudi, unakamatwa tena. Ndivyo unavyolia mlango mkavu usiotiwa mafuta, ila huku mambo yanakwenda kwa mpangilio: kwenye uzi wa la, kukamatwa na kuchomoka hutokea mara 440 kwa sekunde. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mwendo huo katika karne ya 19, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa jiwekee mkono kooni utamke "aaa". Mle ndani kuna nyama mbili ndogo zinazofunga na kufunguka mfululizo, pumzi ikizilazimisha kuachana kisha zikikutana tena. Mlio wake ni mkali, uliojaa sauti nyingi ndogondogo juu ya sauti moja kuu, kisha mdomo na ulimi huuchonga ukawa "a" au "o". Uzi wa fidla unafanya kazi kwa namna inayokaribia sana hiyo: mlio mkali uliojaa vivyo hivyo unatoka kwenye uzi, halafu sanduku la mbao linauchonga. Uzi mnene kuliko wote hutetema mara 196 kwa sekunde, na sauti ya mwanamke anayeongea kawaida huwa karibu na hapo. Udi na gitaa ukizidonoa, sauti inazaliwa na papo hapo inaanza kufa. Upinde unaipa pumzi. Mpigaji anaweza kuanza kwa mnong'ono, akaikuza, akaifinya, akaikata katikati kama mtu aliyekabwa na kwikwi.

Kidole nacho kina lake. Sauti inapokaa muda mrefu, mpigaji hukitikisa kidole juu ya uzi yapata mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na sauti ya mwimbaji aliyekomaa hutetema kwa kasi ya hapohapo.

Ndani ya sanduku, chini ya daraja linalobeba nyuzi, kuna kijiti chembamba cha msonobari kilichosimama kati ya ubao wa juu na wa chini. Hakikugundishwa; kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Kikianguka, fidla inapwaya na sauti inakuwa ya debe. Waitaliano wanakiita anima na Wafaransa wanakiita âme, na maneno yote mawili maana yake ni roho. Nilipomweleza shangazi, alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusema.

Basi watu mbalimbali, kila walipoipokea ala hii, waliifundisha kulia kama wanavyolia wao. Nchini India, Baluswami Dikshitar aliichukua kutoka kwa wanamuziki wa Kizungu yapata miaka 200 iliyopita, akaiingiza katika muziki wa kusini. Mpigaji wa huko haisimamii. Anaketi chini amekunja miguu, kichwa cha fidla kimelala kwenye mguu wake wa kulia, na kwa kuwa ala imetulia pale, mkono wa kushoto hauna mzigo wa kubeba: unateleza juu ya uzi kutoka mwisho hadi mwisho. Ule mteremko unaoitwa gamaka, sauti inayoyumba kabla haijakubali kutulia, unatoka kwenye uhuru huo. Wayahudi wa Ulaya Mashariki wana pambo fupi liitwalo krekhts, pumzi ya uchungu inayokatwa ghafla, kama mtu anayeguna akibeba mzigo. Waairishi wao huweka hisia zao zaidi kwenye upinde: mipigo mifupi, ya haraka, ya kuchezesha miguu.

Nasi tuna zeze letu. Zeze la Wagogo ni kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi chache na upinde, na kanuni yake ni ileile ya kung'ang'ania na kuchomoka. Aliyemsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kufundisha na kupiga miaka mingi Bagamoyo, anajua kwamba zeze halihitaji kuazima huzuni wala furaha kutoka kokote. Mimi huumia kidogo ninaposikia watu wakisema fidla ni ala ya Wazungu. Upinde juu ya uzi tunao.

Je, mtu wa mbali anaweza kweli kusoma hisia katika muziki asioujua? Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Thomas Fritz walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa Wamafa, wakulima wa milimani kaskazini mwa Kamerun, ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Kizungu. Waliposikilizishwa vipande vya piano walitambua cha furaha, cha huzuni na cha hofu zaidi ya vile bahati ingewawezesha. Miaka 6 kabla ya hapo, Patrik Juslin na Petri Laukka walikusanya tafiti 104 za hisia katika sauti ya mtu na 41 za hisia katika upigaji wa muziki, wakaona dalili zinafanana. Mwenye huzuni huongea taratibu, kwa sauti ya chini isiyopandapanda. Mpigaji anayetaka huzuni hufanya hivyohivyo. Mwenye hasira huharakisha na kupaza, na muziki wa hasira huharakisha na kupaza.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuchanganya mitindo kunafaulu pale mpigaji anapouliza kwanza mtu huyu analiaje, kabla ya kuuliza noti gani zinafuatana. Kijana wa Ilala anajua hilo kwa vitendo. Kutoka bayati kwenda India hakuruki. Anaishika ile sauti ya katikati, anaiyumbisha kwa kuteleza kidole badala ya kukitikisa, na msikilizaji anajikuta Madras bila kuhesabu mlango aliopita. Kuingia Dodoma anaacha kidole kabisa, anagusa nyuzi mbili wazi kwa pamoja na kuuchezesha upinde mfupimfupi kama wa zeze. Na mpiga kinanda wake ana amri moja: ikifika bayati, anyanyue mikono. Kinanda kikibonyeza mi wakati fidla iko katikati, zinagombana na aliyeko mbele anakunja uso bila kujua sababu. Hapo fidla husindikizwa na ngoma ya dumbaki peke yake.

Joto la Dar nalo lina sauti yake. Wakati wa masika singa za upinde hunywa unyevu na kulegea, vigingi vya kukazia nyuzi huvimba na kukwama, na fidla iliyoachwa ndani ya gari juani inaweza kuachia gundi yake. Kijana huifunga yake kwa kanga ya mama yake kabla ya kuitia kwenye sanduku. Akimaliza kupiga hulegeza upinde kwanza, ndipo anywe maji.

Siku ile nilimrekodi kwa simu, nikampelekea shangazi. Kipande cha bayati alikisikiliza kimya, mkono umeshika shavu. Mwishoni kabisa kijana alikuwa amejaribu mwendo wa Kiairishi, mbiombio, upinde ukirukaruka. Shangazi hajawahi kusikia muziki wa Ireland, na sikumwambia ni wa wapi. Akainua uso, akaanza kutikisa bega. "Haya," akasema, "hapa sasa wamemleta bibi harusi." Akapiga kigelegele.