Je, wajua kwa nini uso na shingo huwahi kupoa mtu anapoendesha pikipiki?

Asubuhi yenye nyuzijoto 5, mtu aliyesimama kando ya pikipiki yake huhisi baridi ya kawaida tu, ya kumfanya ajikunyate kidogo na kufikicha viganja. Akishaondoka na kushika mwendo, haichukui dakika nyingi kabla mashavu hayajaanza kumuuma, macho kumtoka machozi na shingo kukakamaa, ilhali kipimajoto bado kinasoma nyuzi zile zile 5. Hewa yenyewe haijazidi ubaridi hata kidogo. Kilichobadilika ni kasi ambayo hewa hiyo inapita juu ya ngozi yake.

Katika hewa tulivu, ngozi huzungukwa na utando mwembamba wa hewa ambayo mwili umeipasha joto, na utando huo huilinda ngozi, kwa kuwa hewa isiyotembea hupitisha joto kwa uchache sana. Upepo huupeperusha utando huo kabla haujajengeka, hivyo ngozi hulazimika kupasha joto hewa mpya kila nukta inayopita. Ni kanuni ile ile inayotufanya tupulize chai ya moto, maana pumzi huondoa hewa yenye joto na mvuke vilivyotanda juu ya kikombe, nayo chai ikapoa upesi.

Wanasayansi wamelipima jambo hili kwa muda mrefu. Paul Siple na Charles Passel walifanya majaribio huko Antaktika ya kuona maji yaliyomo kwenye chombo cha plastiki huchukua muda gani kuganda katika upepo wa kasi mbalimbali, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Mwaka 2001, Kanada na Marekani zilianza kutumia kanuni mpya ambayo msingi wake ni joto linalopotea kwenye uso wa binadamu. Tukiifuata kanuni hiyo, hewa ya nyuzijoto 5 ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa huhisiwa usoni kama nyuzi 0. Ikivuma kwa kilomita 60 huhisiwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na kwa kilomita 90 kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, kilomita 30 za mwanzo huondoa nyuzi 5 nzima, na kilomita 60 zinazofuata huondoa nyuzi 3 tu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo waendeshaji wengi hawalitilii maanani: anayekwenda polepole hadhani kwamba ana haja ya kujifunika, kumbe sehemu kubwa ya hasara imeshampata. Tena, kanuni hiyo huhesabu upepo unaopimwa mita 10 juu ya ardhi, ambao huwa umepungua nguvu unapoufikia uso wa mtu anayetembea, lakini mwendesha pikipiki asiye na kinga mbele yake hupokea kasi yote ya mwendo wake, kwa hiyo hali yake ni mbaya kuliko takwimu hizo zinavyoonyesha.

Upepo, hata hivyo, hauwezi kuifanya ngozi kavu iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Katika nyuzijoto 5 ngozi kavu itauma na kufa ganzi, lakini haitaganda. Mvua ndiyo inayobadilisha hesabu, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi, na kitambaa kilicholowa hupitisha joto kwa urahisi zaidi sana kuliko kitambaa kikavu chenye hewa katikati ya nyuzi zake.

Lakini kwa nini iwe uso na shingo? Sababu ya kwanza ni kwamba mwili mwingine umefunikwa. Ipo imani iliyoenea kwamba karibu nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani, nayo si ya kweli. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la ngozi, na mwili wote ukiwa wazi, kichwa hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Ila mtu aliyevaa koti zito, glovu na buti akauacha uso na shingo wazi, joto lake litapita hapo palipobaki. Sababu ya pili imo kwenye mishipa ya damu. Baridi inapozidi, mishipa ya vidole hubana sana ili kuhifadhi joto la ndani, lakini ile ya ngozi ya kichwa haibani kwa kiwango hicho, hivyo damu yenye joto huendelea kupita karibu na ngozi. Shingoni nako mishipa mikubwa ya kwenda na kutoka kichwani hupita chini kidogo tu ya ngozi, kiasi kwamba mapigo yake huonekana kwa macho. Uso nao una miisho mingi ya neva inayotambua baridi, ndiyo maana hulalamika mapema. Wala si suala la starehe tu, kwani shingo iliyokakamaa hugeuka kwa shida, na dereva asiyeweza kugeuka vizuri hatazami nyuma ya bega lake kabla ya kubadili njia.

Dawa yake, basi, ni kuizuia hewa isitembee juu ya ngozi, na unene wa nguo huja baadaye. Skafu nene ya kufuma yenye matundu huruhusu upepo upite katikati yake, ilhali kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, kikiwa na kitambaa kingine laini ndani kinachoshika hewa, hufanya kazi kubwa zaidi. Pahali penye udhaifu ni pale kati ya ukingo wa chini wa helmeti na kola ya koti. Hebu keti kwenye pikipiki iliyozimwa, inama kama unavyoinama njiani, kisha inua uso utazame mbele na upitishe kidole chini ya kidevu: kola ambayo ulipokuwa umesimama ilionekana kuziba vizuri sasa imeachia mwanya, na upepo ukiingia hapo huteremka hadi kifuani. Kwa sababu hiyo kitambaa cha shingo kinapaswa kushuka mpaka chini ya mtulinga, kivaliwe kabla ya koti kufungwa zipu, na upande wake wa juu uingie ndani ya helmeti.

Skafu yenye ncha zinazoning'inia haifai kabisa. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, alifariki mjini Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari la wazi alilokuwa amepanda. Pikipiki ina magurudumu na mnyororo vilivyo wazi zaidi. Salama ni kitambaa cha mviringo kilichoshonwa kikawa kama mkono wa shati, kisicho na ncha yoyote, au kofia laini inayofunika kichwa na shingo na kuacha macho. Kofia hiyo iwe nyembamba, ya hariri au sufu laini, kwa sababu ikiwa nene helmeti haitakaa kichwani kama ilivyokusudiwa. Pamba ni afadhali iepukwe, maana ikishalowa jasho hukaa na maji.

Linalobaki ni pumzi. Hewa tunayotoa puani ina uvuguvugu na unyevu mwingi, na ikigusa kioo baridi cha helmeti hugeuka matone madogo yanayotanda kama ukungu na kumziba dereva macho. Aliyefunika pua kwa kitambaa huona ukungu huo ukizidi, kwa kuwa pumzi husukumwa juu kuelekea kwenye kioo. Kuna kipande cha plastiki laini kinachopachikwa ndani ya helmeti juu ya pua, ambacho huielekeza pumzi chini, na kingine cha kitambaa kinachoziba nafasi ya chini ya kidevu. Vyote viwili vinafaa, ingawa hiki cha pili, kikizuia upepo sana, hubakiza unyevu ndani, hivyo matundu ya hewa ya helmeti hayana budi kuachwa wazi kidogo. Ufumbuzi ninaouona bora ni kioo cha tabaka mbili, chenye hewa iliyofungiwa katikati, kwani tabaka la ndani halipoi sana na pumzi haigeuki matone juu yake kwa wepesi.

Kitambaa kilichofunika mdomo nacho hulowa taratibu kwa pumzi hiyo hiyo, na kikishalowa huanza kuipoza ngozi badala ya kuilinda. Kwenye safari ndefu, chukua cha pili kikavu, ukiweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, ili kiwe na joto utakaposimama kubadilisha.