Je, wajua kwa nini popo wa Pemba hupigwa picha mchana kweupe?

Mwambie mtu wa bara kwamba unakwenda kupiga popo picha, atakuuliza kama umechukua tochi. Popo anaowajua yeye hukaa pangoni au darini. Nenda Kidike, njia ya Chake Chake kwenda Wete, uone ajabu: saa nne asubuhi, jua limewaka, na popo wamening'inia miguu juu kwenye matawi ya miti mirefu, vifua vyao vya rangi ya kutu vikionekana vizuri. Flashi ya nini?

Popo wadogo wanaokula wadudu hupita gizani kwa kutoa sauti kali tusizozisikia, kisha husikiliza mwangwi wake. Popo wa Pemba hana ufundi huo. Ana macho makubwa na pua kali, kwa sababu chakula chake ni matunda na maua: maembe, mashelisheli, kuyu za porini. Kwa kuwa anategemea macho, pango lenye giza totoro halimfai, naye hulala mtini. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika kama mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, na ngozi yake ni nyembamba, nyeusi, yenye kunyonya joto. Jua likikolea hujipepea kwa bawa moja, taratibu, kama bibi aliyekaa barazani na kipepeo chake. Picha hiyo ndiyo ya kuivizia.

Wengi hurudi na kivuli cheusi tu. Kamera hupotoshwa na mwanga wa mbingu nyuma ya popo. Simama jua likiwa mgongoni kwako, gusa mwili wa popo kwenye kioo cha simu, ongeza mwanga kidogo.

Kukaa kwake hadharani kulimponza pia. Mwenye bunduki alimwona kama wewe unavyomwona, na kitoweo cha popo kilikuwa na walaji wake. Miti nayo ilikatwa. Mwaka 1996 alitajwa miongoni mwa wanyama walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, naye hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Hata Unguja hayupo. Wapemba wenyewe wakaanza kulinda miti anayolala, na hesabu ya mwaka 2007 ilikadiria popo wapatao 22,000. Mimi nikisoma idadi hiyo nafurahi kila mara, ingawa bado yumo kwenye orodha ya walio hatarini.

Kwa hiyo usipige makofi wala kurusha jiwe ili waruke upate picha ya mabawa. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka na humbeba kifuani akiwa mchanga; kukurupushwa mchana ni kumchosha bure. Kaa chini, subiri magharibi. Jua likizama wataondoka wenyewe kwenda kutafuta matunda, mmoja mmoja kwanza, kisha makundi, mabawa wazi juu ya mikarafuu.