Je, wajua asiyeona huitumiaje simu ya kioo isiyo na vitufe?

Simu janja ni bapa la kioo laini, lisilo na kitufe cha kupapasa wala ukingo wa kukiongoza kidole, na bado watu wengi wasioona kabisa huitumia kila siku kusoma ujumbe, kutuma pesa na kufanya kazi za ofisini. Mtu anayeona akiambiwa hivyo, jibu linalomjia upesi ni kwamba watu hao huiamuru simu kwa mdomo. Wengine hudhani kwamba zipo simu maalumu zilizotengenezwa kwa ajili yao, na wengine huamini kuwa kuna ndugu wa karibu anayesoma na kubonyeza kwa niaba yao.

Dhana zote tatu zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayoeleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Amri za sauti zipo, na wasioona huzitumia kama wanavyozitumia wanaoona, hasa kupiga simu au kutega kengele ya kuamka. Hata hivyo, kurekebisha herufi moja katika jina lililokosewa, au kurudi kwenye aya ya nne ya barua ndefu, ni kazi ngumu kwa amri za mdomo. Tena hakuna anayetaka kuitamka namba yake ya siri ndani ya daladala. Simu maalumu nazo zilikuwa na wakati wake, ila mwaka 2009 Apple iliweka VoiceOver, programu inayotaja kwa sauti vilivyomo kwenye kioo, ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huohuo Google ikaleta TalkBack, programu ya aina hiyohiyo, katika simu za Android, kwa kazi ya wahandisi ambao mmoja wao, T. V. Raman, mwenyewe haoni. Tangu hapo uwezo huo umo katika simu nyingi zinazouzwa kwa kila mtu. Ama ndugu anayebonyeza kwa niaba, hilo hutokea kweli, na ndilo linalopaswa kutusumbua, kwa sababu mtu anayelazimika kumkabidhi mwingine simu na namba ya siri ili atume pesa hana faragha juu ya akiba yake, wala hana njia ya kuthibitisha kwamba kiasi kilichotumwa ndicho alichokitaja.

Kinachofanya kazi ni programu iitwayo kisoma skrini, kama hizo VoiceOver na TalkBack. Kwa kawaida programu hii haiitazami picha iliyo kwenye kioo. Fikiria muuzaji wa duka la dawa ambaye rafu zake zimejaa chupa zinazofanana: ukimwomba dawa, hasomi rangi ya vidonge, anasoma lebo. Chupa yenye lebo nzuri atakutajia jina na kipimo chake. Chupa isiyo na lebo atakwambia tu kwamba ni chupa, hata kama ndiyo uliyoifuata. Vivyo hivyo, kila programu ya simu, pamoja na kuchora kinachoonekana, huukabidhi mfumo wa simu orodha ya vitu vilivyomo: hiki ni kitufe, jina lake "Tuma", hiki ni kisanduku cha kuandikia, nacho ni kitupu. Kisoma skrini huisoma orodha hiyo. Mtengenezaji akiweka alama ya kishale bila kuipa jina, asiyeona husikia "kitufe" na hana la kufanya ila kubahatisha. Matoleo mapya hujaribu kuitambua picha isiyo na jina, lakini kubahatisha kwa mashine hakutoshi pale ambapo kitufe kimoja kinatuma pesa na cha pembeni kinaghairi.

Mkono nao hubadili kazi. Kidole kikigusa kioo mara moja, simu hutaja kilicho chini yake bila kukifungua. Kidole kikitelezeshwa upande wa kulia, simu husogea kwenye kitu kinachofuata. Mtu akishakisikia anachokitaka, hugonga mara mbili mahali popote pale kwenye kioo, nacho hufunguka. Hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote: hakuna haja ya kukilenga kitufe.

Ndiyo maana kumpa mtu simu bila mafunzo hakumpi uhuru. Mtelezo ukiwa wa polepole mno, simu huuchukulia kuwa ni kupapasa na kutaja vitu vingine kabisa, na mwanafunzi asiye na mwalimu huhitimisha kwamba simu ni mbovu. Kwenye kompyuta mambo ni hayohayo. NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye haoni, humwezesha mtu kuruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine kwa herufi H pekee, lakini asiyefundishwa hivyo atausikiliza ukurasa mzima tangu juu. Katika Shule ya Wasioona ya Thika, nchini Kenya, shirika la inABLE liliweka maabara ya kompyuta kwa ajili ya mafunzo ya namna hii.

Mzoefu huiharakisha sauti ya simu hadi anayeketi karibu naye haambulii neno. Wengi husema kwamba asiyeona amezaliwa na masikio makali zaidi, lakini ushahidi unaelekea kwenye mazoezi. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walieleza kuwa baadhi ya wasioona huelewa hadi silabi 22 kwa sekunde, ilhali msikilizaji wa kawaida huishia karibu na 8, na kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona hushiriki katika kazi hiyo. Waliopimwa ni wachache, kwa hiyo isichukuliwe kwamba kila asiyeona anafikia kasi hiyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili liko sharti jingine: sauti ya simu iwe ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikikutana na jina la mji wa Same, mkoani Kilimanjaro, husema "seim", na ujumbe mrefu ukisomwa hivyo huchosha haraka. Sauti za Kiswahili zipo na hupakuliwa bure, ila lazima mtu aonyeshwe mahali pa kuzichagua.

Ukishika simu ya ndugu yako nayo ikaanza kuongea, usiizime wala kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Gusa mara moja usikilize, gonga mara mbili ifungue. Katika simu nyingi za Android zilizoruhusiwa kufanya hivyo, kubonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya ubavuni vya kuongeza na kupunguza sauti kwa sekunde 3 husimamisha TalkBack, na kuvibonyeza tena huirudisha kabla hujamrudishia mwenyewe.