Gunia la chumvi likitoa maji, usianzie kwenye kikaushio

Mwenye duka Lamu akilalamika kwamba magunia yaliyotoka Gongoni yameloa kitako na chumvi imeshikana mabonge, kiwandani wa kwanza kulaumiwa ni kikaushio. Fundi anaitwa, moto unaongezwa, dizeli inateketea, na mzigo unaofuata unaleta malalamiko yaleyale. Kazi yangu ni kusimamia uoshaji na usagaji wa chumvi ya bahari katika ukanda huu wa Magarini, kaskazini mwa Malindi, na ninavyoona mimi, kosa la aina hiyo aghalabu hufanyika bwawani, majuma kadhaa kabla chumvi haijapanda kwenye mkanda.

Sababu ni magnesiamu. Chumvi safi huanza kuvuta maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesiamu huanza kwenye asilimia 33 hivi, na hewa ya pwani yetu haikauki kiasi hicho. Kwa hiyo punje iliyobaki na utando mwembamba wa maji machungu, yaani yale yenye magnesiamu yanayobaki bwawani chumvi ikishaganda, hutoka kwenye kikaushio ikiwa kavu kabisa, halafu hurudi kuloa ghalani. Ukiongeza moto umeondoa maji tu. Magnesiamu umeiacha palepale.

Turudi basi kwenye maji. Lita elfu moja za maji ya bahari zina kilo 27 hivi za chumvi ya kula, lakini hupati hata punje mpaka karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji hayo zimekwenda na jua na upepo. Ndiyo maana mabwawa ya kukolezea huchukua eneo kubwa, kama mara kumi ya yale ya kugandishia. Maji huingizwa wakati wa bamvua, hori linapojaa vizuri. Wakati wa maji mafu utachoma mafuta ya pampu bure. Na kabla ya kufungua lango, pima. Bahari hapa husoma digrii 3 hadi 3.5 za Baumé, kipimo cha ukolevu wa maji. Ikisoma chini ya 3, au maji yana rangi ya matope, subiri. Msimu wa kusi mkondo husukuma tope la mto Sabaki kuelekea Mambrui na ghuba ya Ungama, na tope hilo ukishalipokea utalitafuta baadaye ndani ya chumvi.

Njiani kuelekea kwenye chumvi, maji hushusha vitu kwa zamu. Chokaa hutangulia. Jasi huanza kwenye digrii 13 hivi na huendelea kushuka hadi karibu na chumvi yenyewe, ambayo huanza kuganda kwenye 25.5. Hapa ndipo msimamizi anapolipwa mshahara wake. Ukiyahamisha maji kwenda bwawa la kugandishia yakiwa 23 au 24, jasi iliyobaki itashuka pamoja na chumvi, ndani ya punje, na hakuna mashine ya kuosha itakayoitoa. Ukichelewa hadi 26, chumvi inaganda kwenye bwawa la kukolezea, mahali ambapo hakuna mtu wa kuivuna. Mimi hutaka lango lifunguliwe kati ya 25 na 25.5.

Lakini namba hiyo inadanganya kama haidromita, kile kioo cha kuelea kinachopima Baumé, inasomwa saa nane mchana. Haidromita nyingi zimepimiwa kwenye nyuzi 15 au 20 za joto. Angalia maandishi kwenye shingo ya kioo. Maji yaliyokolea hupungua uzito kadiri yanavyopata joto, na usomaji hushuka takriban 0.05 ya digrii ya Baumé kwa kila nyuzi moja ya joto. Maji ya nyuzi 36 yakipimwa kwa haidromita ya nyuzi 16 yatasoma karibu digrii nzima chini ya ukweli: unaona 24.7 kumbe ni 25.7 na chumvi inaganda tayari. Dawa yake ni rahisi. Pima saa moja asubuhi kila siku, chota chini ya uso wa maji, tia kipimajoto kwenye silinda hiyohiyo, na uandike namba zote mbili. Kijana anayeandika Baumé bila joto amekuletea nusu ya habari.

Kikomo cha juu kina ubishi zaidi. Maji ya kugandishia yamwagwe yakifika 28.5, au 29 kwa mbali. Kufikia hapo umeshapata karibu robo tatu ya chumvi yote iliyokuwamo, na maji yaliyobaki yana magnesiamu zaidi ya mara tatu ya yalipoingia. Mvukizo nao umepungua sana kwa sababu maji yamekuwa mazito. Wakubwa hupenda kuyaacha yafike 31 kwa sababu wanaona bado kuna chumvi inaganda. Ni kweli inaganda, ila kinachobaki kati ya punje ni maji machungu matupu, na chumvi ya sulfati ya magnesiamu huanza kuandamana nayo, hasa usiku maji yanapopoa. Tani hizo za nyongeza ndizo zitakazorudishwa kutoka Lamu.

Kuna na suala la umbo la punje, ambalo halitajwi sana. Maji yenye utelezi wa mwani uliokufa hutoa fuwele dogodogo zenye mashimo ndani, na maji machungu hufungiwa humo. Ukiosha, unaosha nje tu. Ndiyo sababu sipendi watu wavue ovyo Artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, kwenye mabwawa ya kati. Vijidudu hivyo si wa kwao hapa, waliletwa kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani hii miaka ya 1980, lakini kazi yao ya kula mwani ni msaada mkubwa. Bwawa la kugandishia likiwa jekundu, usishtuke: viumbe vya rangi hiyo hufanya maji yashike joto la jua na kuvukiza haraka.

Mvua ya ghafla ina hesabu yake. Milimita 10 ni lita 10 kwa kila mita ya mraba, na lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, inaweza kuyeyusha chumvi gramu 360. Kwa hekta moja ni hadi tani 36 zilizokwenda. Bahati nzuri maji ya mvua ni mepesi na hukaa juu kwa muda, mpaka upepo uyachanganye. Mbao za juu za lango la kumwagia ziondolewe mvua ikiwa bado inanyesha, moja moja, ili uso tu utoke. Anayengoja mvua ikatike ameshachelewa.

Wakati wa kuvuna, acha sakafu ya chumvi ya sentimita 10 hivi chini ya reki au mashine. Ukikwangua hadi udongo, chumvi inakuwa ya kijivu na mtambo wa kuosha unageuka mtambo wa kuchuja matope. Lundo likae angalau majuma mawili lichuruzike kabla ya kuosha. Uoshaji huo hauna gharama.

Sasa mtambo wenyewe. Chumvi haioshwi kwa maji baridi, kwa hesabu ileile ya gramu 360 kwa lita. Huoshwa kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi, yanayokwenda kinyume na chumvi: chumvi inapanda na skrubu, maji yanateremka kuikabili, na maji masafi kuliko yote hukutana na chumvi iliyokwisha kuoshwa. Swali ni maji hayo umeyatoa wapi. Viwanda vingi huvuta kutoka bwawani kwa sababu yapo karibu. Lakini maji ya bwawani yaliyofika 25.5 tayari yana magnesiamu zaidi ya gramu 10 kwa lita, na kila mzunguko yanapokea nyingine kutoka kwenye chumvi chafu. Afadhali utengeneze yako kwa kuyeyusha unga wa chumvi uliooshwa, ule unaotuama kwenye tangi, halafu umwage sehemu ya yale ya zamani kila zamu. Mimi hupima magnesiamu asubuhi na jioni. Ikipita gramu 10 kwa lita, nusu ya tangi hutoka. Mtu akiangalia Baumé peke yake kwenye tangi la kuoshea hatagundua kitu, maana magnesiamu nayo huongeza uzito wa maji, na namba huonekana nzuri huku maji yanaharibika.

Punje zenye mashimo zipasuliwe zikiwa ndani ya maji, kabla ya hatua ya mwisho ya kuosha. Zikipasuliwa baada ya kukaushwa, yale maji machungu yaliyofungiwa yanaachiwa kwenye bidhaa yako.

Sentrifuji, ngoma inayozunguka kwa kasi kukamua maji kwenye chumvi, inataka mlo mzito, nusu chumvi nusu maji kwa uzito au karibu na hapo. Ikilishwa majimaji, ngoma hufurika na chumvi hutoroka na maji. Ikilishwa kwa vishindo, hutetemeka. Zima mapema, usingoje beringi ikuambie. Chumvi itoke na unyevu wa asilimia 2 hadi 3. Ikianza kutoka na 5, fungua uangalie chujio kabla ya kugusa kitu kingine, kwani mara nyingi matundu yameziba kwa unga. Na asiingie mtu mkono wala ufagio mpaka swichi kuu imetiwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake mwenyewe. Hilo halina mjadala hata kama lori linangoja.

Iodini ndiyo inayomleta mkaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya. Tunatumia potasiamu ayodeti, kwa kuwa ayodaidi hupotea haraka kwenye joto na unyevu wetu. Ukitaka miligramu 40 za iodini kwa kilo, zidisha kwa 1.685: unahitaji gramu 67 za ayodeti kwa tani. Yeyusha gramu 33.5 kwa lita, nyunyiza lita 2 kwa tani. Mkanda ukibeba tani 5 kwa saa, pampu itoe lita 10 kwa saa. Usiamini kibandiko cha mkanda. Simamisha mkanda, pakua mita moja ya chumvi na upime. Kilo 3.5 kwenye mkanda unaokwenda mita 0.4 kwa sekunde ni tani 5 kwa saa. Kosa la kawaida ni pampu kuendelea kunyunyiza mkanda ukiwa mtupu, kisha gunia moja linapata maradufu na la pili halipati. Pampu na mkanda viwashwe kwa swichi moja.

Upimaji hauhitaji maabara kubwa. Gramu 10 za chumvi kwenye maji mililita 50, asidi ya salfuri iliyozimuliwa mililita 1, potasiamu ayodaidi ya asilimia 10 mililita 5, gizani dakika 10. Kisha dondosha sodiamu thayosalfeti ya molari 0.005, na wanga utiwe pale rangi ikishafifia kuwa manjano hafifu, si kabla. Mililita ulizotumia mara 10.58 ndizo miligramu za iodini kwa kilo. Wanga ukitiwa mapema hushika iodini, na usomaji huwa wa kubahatisha.

Yamebaki yale maji machungu uliyoyamwaga kwenye 29. Visima vya Gongoni na Marereni kuingia chumvi ni kati ya mambo ambayo wenyeji waliyalalamikia mbele ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo usiyafungulie kwenye mtaro wa udongo unaopita karibu na makazi, wala kwenye mikoko, ambako yatatuama. Yatoke kwa mfereji uliosakafiwa, yakiwa yamechanganywa na maji ya bahari, bamvua likianza kupwa ili mkondo uyachukue. Andika saa, Baumé na lango lililotumika, na kila mwezi upime chumvi ya visima viwili vya jirani, mwenye kisima akiwapo.