Je, wajua kwa nini deni lililofutwa na mahakama bado linaonekana kwenye ripoti yako ya mikopo?

Ukishuka mwaloni Kibirizi au Katonga, hapa Kigoma, hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia kwamba fulani kafilisika. Kila mtu anaelewa maana yake. Mtaji umekata, kibanda kimefungwa, simu haipokelewi, na afisa mikopo ameonekana akiulizia nyumbani kwake. Majirani wanampa pole na kumwambia ajipange upya.

Lakini ripoti yake ya mikopo, yaani kumbukumbu ambayo wakopeshaji huiangalia kabla ya kumkopesha mtu, haijui lolote kuhusu kufilisika huko. Kilichoandikwa humo ni kwamba anadaiwa kiasi fulani na amechelewa kulipa siku kadhaa, basi. Upande wa pili yupo mtu aliyefilisika mbele ya jaji, madeni yake yakafutwa kihalali, naye akiichukua ripoti yake miaka minne baadaye anakuta akaunti zile zile, yaani mikopo ile ile, bado zimeorodheshwa. Anashangaa, na ana haki ya kushangaa. Kama deni halipo tena, linafanya nini pale?

Mahakama inapomfilisi mtu na baadaye kumwachilia, inachoondoa ni wajibu wa kulipa. Haina uwezo wa kufanya yaliyotokea yasiwe yametokea. Kila akaunti katika ripoti ya mikopo hubeba mambo mawili kwa pamoja: hali ya leo, yaani salio na kiasi kilichochelewa, na historia ya malipo mwezi baada ya mwezi. Ufilisi unapaswa kubadilisha hali ya leo mara moja. Historia inabaki mpaka muda uliowekwa na sheria uishe.

Marekani ndiko jambo hili limeandikiwa sheria kwa undani na kugombaniwa mahakamani miaka mingi, kwa hiyo tuanzie huko. Sheria yao ya taarifa za mikopo ni ya mwaka 1970, na kampuni kubwa zinazokusanya taarifa hizo ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Mtu binafsi aliyezidiwa na madeni kwa kawaida huchagua kati ya njia mbili. Chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, mali yake isiyolindwa na sheria huuzwa, wadai wanagawana kinachopatikana, na baada ya miezi michache madeni mengi yaliyobaki yanafutwa. Chini ya Sura ya 13 anabaki na mali zake, lakini analipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5 unaosimamiwa na mahakama. Kwa njia zote mbili, siku anapofungua shauri wadai wanatakiwa kuacha kumdai. Madeni mengine hayaguswi, kwa mfano matunzo ya watoto na kodi nyingi.

Sasa tazama mstari mmoja wa ripoti. Tuseme kabla ya shauri kadi yake ya mkopo ilisomeka hivi: salio dola 4,200, imechelewa siku 120. Baada ya mahakama kufuta deni, mstari huo huo unatakiwa usomeke: salio dola 0, kiasi kilichochelewa dola 0, imejumuishwa katika ufilisi wa Sura ya 7. Miezi aliyochelewa kabla ya kwenda mahakamani itaendelea kuonekana, kwa sababu ni kweli alichelewa. Asichoruhusiwa mkopeshaji ni kuendelea kuripoti kwamba zile dola 4,200 bado zinadaiwa.

Hapo ndipo watu wengi waliumizwa. Kwa miaka mingi baadhi ya wakopeshaji waliacha akaunti zilizofutwa zikionekana kama madeni hai, na kampuni za taarifa zikachapisha walivyoletewa. Matokeo yake mtu akiomba mkopo wa nyumba anaambiwa amalize kwanza deni ambalo kisheria halipo, naye kwa kubanwa analilipa. Mwaka 2005 lilifunguliwa shauri la pamoja huko California dhidi ya kampuni hizo tatu, na mwaka 2008 mahakama iliidhinisha makubaliano yaliyozibadilishia utaratibu: mtu akiachiliwa chini ya Sura ya 7, madeni yake ya kabla ya shauri, ya aina zinazofutika, yachukuliwe kuwa yamefutwa, isipokuwa kuna taarifa inayoonyesha vinginevyo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa haki, tena ulichelewa. Aliyekwisha kufilisiwa hapaswi kubebeshwa kazi ya kuzunguka kwa wakopeshaji mmoja mmoja akiwaomba waheshimu amri ya mahakama.

Muda wa kumbukumbu nao una hesabu yake, na wengi huikosea. Taarifa ya shauri la ufilisi lenyewe inaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 10 tangu shauri lifunguliwe. Kwa Sura ya 13, kampuni za taarifa huiondoa baada ya miaka 7. Akaunti moja moja zina saa yake nyingine: miaka 7 hivi, inayohesabiwa tangu mtu alipoanza kuchelewa bila kurudi tena kwenye mstari. Kwa hiyo aliyeacha kulipa Machi 2019 na kufungua shauri la Sura ya 7 Juni 2020, akaunti zake zitaanza kutoka mwaka 2026, ilhali taarifa ya ufilisi itabaki mpaka 2030. Kufungua shauri hakuanzishi upya saa ya akaunti iliyokwisha kuchelewa. Mkopeshaji anayesogeza mbele tarehe hiyo ili mstari ukae zaidi anavunja sheria.

Uingereza wanakwenda kwa muda mfupi zaidi. Aliyefilisiwa kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12, na kumbukumbu inakaa kwenye ripoti miaka 6.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isifutwe yote siku ile ile. Anayekopesha hamjui mkopaji, anajua makaratasi tu. Akinyimwa historia atawadhania wote ubaya, na riba itawapanda hata waliolipa kwa jasho lao bila kuchelewa siku moja. Kwa nini basi isikae milele? Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza mwaka 1934 kwamba lengo la ufilisi ni kumpa nafasi mpya mdaiwa mwaminifu aliyepatwa na bahati mbaya. Nafasi mpya haina maana kama jina limechafuka hadi kaburini. Miaka 6 naiona inatosha. Miaka 10 ni mingi kwa mtu aliyeanza tena kulipa vizuri.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania tunayo Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, yenye mizizi ya enzi za Mwingereza. Shauri la kumtangaza mtu kuwa amefilisika linakwenda Mahakama Kuu, na usimamizi wa mali za waliofilisiwa ni kazi inayoihusu RITA, ile ile tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa. Jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zamani mtu wa Kigoma mwenye shauri la Mahakama Kuu alitazamia Tabora, safari ya treni. Siku hizi Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Kigoma. Hata hivyo, sijawahi kusikia muuza dagaa akienda kwa jaji kuomba atangazwe amefilisika. Watu wanafunga biashara, wanahama mtaa, wengine wanavuka ziwa. Deni linabaki kama lilivyokuwa.

Na mfumo unaoliona deni hilo upo. Benki Kuu ilitoa mwaka 2012 kanuni za kanzidata ya taarifa za mikopo na za kampuni zinazoandaa ripoti. Kampuni mbili za kwanza kupata leseni ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Benki zinawajibika kupeleka taarifa za wakopaji wao, wazuri na wabaya. Daftari la kikoba linalofungiwa kwenye sanduku la kufuli tatu halisomwi na mashine hiyo, lakini mkopo wa benki unasomwa, na ukienda kukopa Kasulu, Mwanza au Dar es Salaam utakukuta kule kule.

Tuchukue hesabu ambayo kila mtu wa ziwani anaweza kuifanya mwenyewe. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na ziwa kupumzishwa. Lakini zile ni siku 92, na kwenye vitabu vya benki mkopo ambao rejesho lake limechelewa zaidi ya siku 90 unahesabiwa mkopo chechefu. Mama anayenunua dagaa wabichi, akaanika, akapakia magunia kwenda Dar es Salaam, ambaye rejesho la kwanza alilolikosa lilikuwa la katikati ya Mei, ziwa lilipofungwa, angeweza kufika siku ya kufunguliwa kwa ziwa akiwa tayari ameshavuka mstari huo. Ripoti itaandika siku za kuchelewa. Haitaandika kwamba ziwa lilikuwa limefungwa.

Kilicho muhimu kwa mama huyo ni kwenda benki mapema, kabla siku 90 hazijatimia, ikiwezekana kabla hata ziwa halijafungwa, na kuomba mkopo upangwe upya: marejesho yasogezwe, muda uongezwe. Mkopo uliopangwa upya kwa mkataba mpya unasomeka tofauti kabisa na mkopo uliotelekezwa. Akishakubaliwa, achukue makubaliano hayo kwa maandishi. Ahadi ya afisa mikopo anayehamishwa kituo mwezi ujao haitaonekana kwenye kanzidata.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wengi. Benki ikikata tamaa na mkopo huufuta vitabuni. Mtu anayesikia kwamba mkopo wake umefutwa anashusha pumzi, akidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kufuta vitabuni ni hesabu za ndani za benki, inakubali kwamba fedha ile imepotea ili vitabu vyake viseme kweli. Mkopaji bado anadaiwa, dhamana bado inaweza kupigwa mnada, na nyumba ikiuzwa kwa bei isiyotosha, kilichobaki bado ni deni lake. Anayeweza kumwondolea mtu wajibu ni mkopeshaji mwenyewe kwa kumsamehe rasmi, au mahakama. Ndiyo maana mkopo uliofutwa vitabuni unaendelea kusomeka na salio lake, na ule uliofutwa kwa ufilisi unatakiwa kusomeka sifuri.

Mkopaji ana haki ya kuiona ripoti yake na kupinga kilichokosewa. Akiishika, aanze na zile akaunti alizokwisha kuzimaliza. Hapo ndipo makosa huwa rahisi kuthibitishwa: mkopo umelipwa wote, risiti ipo, lakini salio halijasogezwa kwa sababu mtu wa ofisini hakutuma taarifa mpya. Barua ya kumaliza deni iombwe siku ile ile ya rejesho la mwisho, kabla hujatoka dirishani. Kuitafuta miaka mitatu baadaye, tawi likiwa limebadilisha wafanyakazi wote, ni mateso.

Halafu kuna mdhamini. Kigoma tunadhaminiana sana, shemeji kwa shemeji, na mikopo ya vikundi inasimama juu ya wanakikundi kubebana. Mkopaji akifilisiwa na mahakama na kuachiliwa, kuachiliwa huko ni kwake peke yake. Marekani sheria inasema hivyo, na sheria za kufilisika zenye asili ya Kiingereza, ambazo yetu ni mojawapo, nazo hazimwachilii aliyeweka dhamana. Kwa hiyo ripoti ya mkopaji inaweza kuonyesha salio sifuri wakati benki inamgeukia mdhamini kwa deni lilelile lote, na akishindwa kulipa, siku za kuchelewa zinahesabiwa kwa jina lake. Kabla ya kuweka saini fomu ya udhamini, uliza benki mambo mawili: utajulishwa lini mkopaji akianza kuchelewa, na dhamana yako ina kikomo cha kiasi gani. Majibu yote mawili yaandikwe kwenye fomu yenyewe.