OTC sio kinga, na broila hachomwi homoni

Naanza na hii maana nimeisikia mpaka basi: "Dokta, nipe ile ya njano ya kinga, vifaranga wanaingia kesho." Ile ya njano ni OTC, yaani oksitetrasaiklini, ni antibayotiki, na OTC sio kinga jamani, kinga ni chanjo. Antibayotiki inapambana na bakteria walioko mwilini sasa hivi, haimwandai kuku kwa ugonjwa wa wiki ijayo, na kideri na gumboro ni magonjwa ya virusi, utamwaga pakiti tano na kuku watakufa vilevile.

Mabandani kinachofanyika ni hiki: mtu ana kuku 1,500, anachota ndoo ya lita 20, anatia kijiko cha chai kwa kukadiria, anakoroga, anajaza vyombo vya maji, na anaendelea hivo toka siku ya kwanza mpaka wiki ya nne kwa sababu jirani alifanya hivo na hakufiwa. Dozi ndogo, siku nyingi, kuku wamebanana kwenye maranda yaleyale. Bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wanazaliana, na wanapeana vinasaba vya usugu hata na bakteria wa aina nyingine.

Nikisema hivo najibiwa "sawa dokta, ila hao si wadudu wa kuku?" Hapana! Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti kinasaba kinaitwa mcr-1 kinachofanya bakteria wasisikie kolistini, na walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya kuuza, na kwa wagonjwa hospitalini. Kolistini ni dawa ambayo madaktari wa binadamu wanaiweka akiba mpaka zingine zigome, kumbe huku watu wanaichanganya kwenye chakula cha mifugo ili inenepe. China wakapiga marufuku kuitumia hivo 2017, India wakaizuia kwa mifugo ya chakula 2019. Umoja wa Ulaya walishaacha kukuzia mifugo kwa antibayotiki tangu Januari 2006, na bado wanakula kuku.

Halafu kuna enro, antibayotiki nyingine mnayoipenda kwa sababu "inakata haraka". Enrofloksasini ikiingia mwilini mwa kuku sehemu yake inageuka kuwa siprofloksasini, sipro ileile unayoandikiwa wewe UTI ikikubana. Marekani waliiondoa kwenye kuku 2005 kwa sababu ya Campylobacter, bakteria wa kuharisha, waliokuwa sugu kwa binadamu. Kwa hiyo siku mtoto amelazwa, dawa ya kwanza imegoma, ya pili imegoma, usikimbilie kusema ni feki.

"Si nikiivisha vizuri yote yanaisha?" Nusu. Moto unaua bakteria, ila masalia ya dawa ni habari nyingine, hizo enro na sipro zinavumilia sana joto la sufuria. Na bakteria hawasubiri mpaka uwale: wako kwenye kisu, kwenye karai ulilonyonyolea, kwenye kachumbari uliyokatia ubao uleule. Wako mikononi mwa kijana anayelala bandani. Mbolea mbichi ya kuku inaenda kwenye matuta ya mchicha, na mchicha anakula hata yule asiyegusa kuku kabisa.

Siku za kusubiri baada ya dozi kabla hujauza zimeandikwa kwenye lebo, soma. Mnunuzi kaja na matenga asubuhi na wewe dozi umemaliza jana usiku, huuzi. Mayai hivohivo, ya wakati wa dozi hayaendi dukani. Najua kila siku inayoongezeka ni mfuko mwingine wa chakula na mnunuzi anapiga simu, nakuelewa kabisa, lakini huyo kuku analiwa na mtu.

Homoni sasa. Broila hachomwi homoni. Ni mbegu. Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walifuga mbegu ya 1957 na ya 2005 kwa chakula kilekile, siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na gramu 905 na wa 2005 kilo 4.2, ni kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Inaniuma kuona mlaji anaogopa homoni ambayo haipo, wakati antibayotiki haiulizii kabisa.

"Kienyeji ndo salama." Anayezurura jalalani anabeba bakteria wa salmonela kama mwingine, na wengi wenu mnampa OTC hiyohiyo.

"Shamba kubwa la kisasa halileti mlipuko wa ugonjwa." Malaysia 1998 mpaka 1999, mashamba ya nguruwe yenye miti ya matunda pembeni, popo wakaleta virusi vya Nipah, nguruwe wakaambukizana, wakaambukiza wafugaji. Zaidi ya watu 100 walikufa na nguruwe kama milioni moja wakauawa.

Ukitaka kinga, ratiba ya kawaida ya chanjo kwa broila ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Chanjo unawapa kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo wanyime maji kidogo kwanza wapate kiu, tumia maji yasiyo na klorini, wape asubuhi kabla jua halijawa kali, wamalize ndani ya saa mbili. Maranda yaliyolowa toa siku hiyohiyo maana kuhara damu kunaanzia hapo. Na ukiona vifo vimezidi, niletee kuku wawili watatu waliokufa leoleo niwapasue kabla hujanunua dawa yoyote.