Je, wajua umio unaweza kukaguliwa kwa kumeza sponji?

Hivi inakuwaje mtu anapitishiwa kamera kooni, anaambiwa kila kitu kiko sawa, halafu chakula bado kinamkwama kifuani? Kumbe kamera inaona utando wa ndani tu, wakati umio wenyewe ni bomba la misuli, kama sentimita 25 hivi, linalobana kwa zamu kusukuma chakula mpaka tumboni. Sasa misuli ikikosea zamu, kamera itaonyesha nini?

Ndo maana kuna kipimo cha mrija mwembamba unaopitishwa puani, una vihisi mpaka 36 vilivyopangwa sentimita moja moja, unameza maji kidogo kidogo na kompyuta inachora presha kwa rangi. Mlango wa chini wa umio ukigoma kufunguka, yaani akalasia, unaonekana hapohapo. Shida ni moja, uko macho muda wote na mrija puani, kwa kweli haipendezi. Wengine wanatumia puto linalojazwa maji ya chumvi polepole ukiwa umepewa dawa ya usingizi, linapima umio unatanuka kiasi gani.

Ila iliyonikosha mimi ni sponji ya timu ya Rebecca Fitzgerald kule Cambridge, Uingereza. Hapa ishu siyo misuli, ni kwamba wenye kiungulia ni wengi mno, huwezi kuwapitishia wote kamera kutafuta dalili za saratani. Basi unameza kidonge chenye uzi, ncha ya uzi inabaki nje ya mdomo, dakika chache ganda linayeyuka tumboni na sponji inafumuka mpaka sentimita 3, nesi anavuta, inapanda huku inakwangua seli njia nzima. Maabara wanatafuta protini inaitwa TFF3, wakiiona ni dalili kwamba utando umeanza kufanana na wa utumbo baada ya kuunguzwa na asidi muda mrefu, ndo hali inayoitwa umio wa Barrett, na kwa wachache inaishia kuwa saratani.

Utafiti wao wa 2020 ulikuwa na watu zaidi ya 13,000 wanaotumia dawa za kiungulia: waliopewa nafasi ya kumeza sponji walipatikana 140 wenye Barrett, wale wa huduma ya kawaida 13 tu! Majibu yakiwa na walakini bado utapitishiwa kamera na kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima. Na ambaye chakula kinamkwama au anapungua uzito hovyo, huyo sponji haimhusu, anaenda kwenye kamera moja kwa moja.